Karatasi Ilikuwa ya Kweli

Mume wangu hakula fungu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa kwenye saluni na kwenye foleni ya duka la mikate. Wanaolisema hunyamaza nikiingia, kisha huniuliza habari za mguu wangu. Wanasema Athol Medwin alishirikiana na tapeli kutoka bara, akamthibitishia kadi bandia mbele ya watu, na baadaye wakagawana. Nimefundisha historia katika sekondari ya Hesketh, mji wetu hapa kisiwani, kwa miaka thelathini na mmoja, nami najua kutenganisha jambo lililotokea na jambo ambalo watu wangependa liwe limetokea. Lililotokea ni hili.

Athol alikuwa mtoto wa tano wa mfuga ng'ombe wa maziwa, huko nyuma ya Wynyard. Aliingia kiwanda cha karatasi cha Hesketh akiwa na miaka kumi na sita, akapangiwa chumba cha kukatia, na hakukihama chumba hicho mpaka alipostaafu. Baba yangu alikuwa daktari, akaona najishusha. Alimwita "yule kijana wa karatasi" hadi siku ya harusi, na baada ya harusi akaendelea. Athol hakukasirika. Alisema mzee ana haki, ila bila vijana wa karatasi angekuwa anawaandikia wagonjwa dawa kwenye viganja vyao.

Mikono yake ilikuwa na elimu ambayo mimi na vitabu vyangu hatukuwa nayo. Kanisani alikuwa akipapasa karatasi ya nyimbo huku mchungaji anahubiri, na tukifika kwenye gari ananiambia parokia imeanza kubana matumizi, maana wamehamia kwenye karatasi nyepesi. Akipewa kadi ya mwaliko wa harusi, aliigonga kwa ukucha karibu na sikio kabla ya kusoma ni nani anaoa. Wote wa chumba cha kukatia walikuwa hivyo, na walikuwa na majivuno ya aina yao. Walisema mtu wa karatasi hatazami, anashika. Kutazama ni kazi ya wachapaji, na wachapaji kwao walikuwa watu wa kuipaka rangi kazi ambayo wengine wameshaimaliza.

Alipostaafu hakujua la kufanya na mikono hiyo. Alipanga upya banda mara tatu. Halafu rafiki yake mmoja akamvuta kwenda naye ukumbi wa skauti, ambako kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu hupanga meza na kuuziana kadi za wachezaji wa mpira, zile zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za chingamu. Zipo za juzi, na zipo za miaka ya sitini ambazo bei yake ni kufuru. Athol alikwenda kwa ajili ya pai za kombe, wale wa baharini, zinazouzwa mlangoni. Mtu alimpa kadi amshikie wakati yeye anafungua mfuko, naye akaigonga kwa ukucha bila kuwaza, akamrudishia.

"Hii imezaliwa mwaka jana, bwana," akasema. "Imeandikwa sitini na tano lakini inalia kama mtoto."

Alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo wakampa meza ya pembeni, karibu na jiko la chai, na watu wakawa wanapanga mstari na kadi zao kama wanaosubiri kuungama. Hakutoza kitu. Alichofaidi ni chai ya bure, na kuitwa profesa na watu ambao walimjua mke wake kuwa ndiye mwalimu.

Pamoja na kupapasa aliwapa maneno. Kazi yake kubwa, aliniambia, ilikuwa kuwazuia watu wasinunue. Mtu akikuambia kuna mnunuzi mwingine anaisubiri, mwambie ampe huyo mwingine. Picha ya kadi mtandaoni ni picha ya kadi ya mtu fulani, siyo lazima awe huyo anayekuuzia. Mwambie aipige tena leo, gazeti la leo likiwa pembeni. Anayetaka umtumie pesa kama zawadi kwa rafiki ili kukwepa makato, muulize urafiki wenu ulianza lini, maana benki ikishaona ni zawadi haitakurudishia. Na aandike kwa mkono wake, atie sahihi: hii ni kadi halisi ya mwaka fulani, ikionekana sivyo naipokea na narudisha fedha. "Mkweli ataandika huku anacheka," alikuwa akisema. "Mwongo atakumbuka ana feri ya kuwahi."

Mmoja wa waliomsikiliza kwa makini alikuwa Noeline Tatlow, mpishi wa jiko la hospitali. Noeline hakuwa mkusanyaji. Alitaka kadi moja tu. Baba yake, Vern Tatlow, aliondoka Hesketh mwaka wa sitini na tatu kwenda kucheza ligi ya Melbourne, akacheza mechi nane, goti likaisha, akarudi kukamua ng'ombe. Alifariki Noeline akiwa na miaka minne. Miaka miwili baadaye nyumba yao iliungua na kila picha iliyokuwemo. Lakini katika mechi zile nane mtu wa chingamu alipita na kamera, na kadi ya Vern Tatlow ikachapishwa, chache sana kwa kuwa msimu ulikuwa unaisha. Noeline aliwahi kuiona mara moja tu, kwenye albamu ya mtu asiyeuza. Alikuwa ameitafuta miaka kumi na tisa. Aliniambia kwamba sura ya baba yake anaikumbuka kwa kuambiwa, na kwamba kila mwaka inapungua kidogo.

Kisha akatokea Warwick Skene. Alikuwa akiuza kadi mtandaoni kutoka Geelong, huko bara, na mwezi wa tatu alitangaza kwamba anayo ya Vern Tatlow. Noeline alifanya kila kitu alichofundishwa. Aliomba picha na gazeti; picha ikaja na gazeti. Alitafuta wanunuzi wa zamani wa Skene, walimsifu. Alisema hanunui mpaka kadi ishikwe na Athol Medwin, na Skene akajibu kwamba hilo ni jambo la busara, kwamba ana safari ya kuvuka na feri mwezi ujao, ataileta mwenyewe ukumbini. Hakuharakisha. Alikubali kulipwa kwa benki. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote: mwongo hodari huusoma mtihani kabla ya kuingia chumbani.

Siku hiyo nami nilikuwepo, nikisaidia kwenye chai. Skene alikuwa mtu nadhifu, mpole, amevaa sweta ya sufu nzuri. Aliwasifu watu wa ukumbi kwa uaminifu wao. Alimpa Athol kadi kwa mikono miwili, nje ya mfuko, kabla hajaombwa.

Athol aliigonga. Akaigonga tena. Akaiweka karibu na pua, akapitisha ukucha ukingoni, na nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekutana na ndugu barabarani.

"Noeline," akasema, "hii ni yetu."

Akamweleza, na meza zote za karibu zikasikia. Mwaka ule wa sitini na tatu kiwanda kilikuwa kimepata kazi ya karatasi ngumu ya kampuni ya chingamu, nyeupe pande mbili na kijivu katikati, na yeye, mtoto wa miaka kumi na saba, alikuwa akiipanga na kuipakia. Alikuwa amebeba tani za karatasi ile. Angeijua akiwa usingizini. Haijatengenezwa tena tangu hapo, wala hakuna anayeweza kuitengeneza.

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Lenzi niliyomnunulia siku yake ya kuzaliwa, ya kukuzia maandishi, ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Hakuitoa. Karatasi ilikuwa imeshamjibu, na mtu wa chumba cha kukatia hatazami.

Skene aliandika hati bila kunung'unika, akatia sahihi. Noeline alilipa mishahara yake ya wiki sita. Akaondoka ameishika kadi kama anayebeba yai, na nusu ya ukumbi ilikuwa inajifuta macho, mimi mmojawapo.

Miezi minne baadaye mtu wa Wynyard, Errol Dazeley, alileta kwenye meza ya Athol kadi nyingine aliyoinunua kwa Skene yuleyule, ya mchezaji maarufu wa mwaka wa sitini na tatu. Athol akaigonga, akasema ni halisi, ni yetu. Errol hakuipokea. Aliwahi kuwa mchapaji wa gazeti, na alikuwa amekuja na lenzi yake.

"Profesa, karatasi sina ugomvi nayo," akasema. "Hebu shusha cheo, utazame wino."

Athol akatazama. Wino wa zamani ukikuzwa ni vidoti, vimepangana kama mayai ya samaki. Pale hapakuwa na vidoti. Palikuwa na ukungu, wino uliorushwa na mashine ya mezani ya siku hizi. Kadi ilikuwa imechapishwa labda mwaka uliopita, juu ya karatasi ya mwaka wa sitini na tatu.

Aliniambia jioni hiyo, hajavua koti. Hakuwa na haja ya kunieleza maana yake. Kadi ya Noeline ilikuwa ukutani kwake kwenye fremu, na chini yake alikuwa ameweka chombo cha maua.

Sitaficha nilichosema, kwa sababu anayetaka wengine waseme kweli aanze yeye. Nilimwambia anyamaze. Errol alikwishaahidi kutomtaja mtu. Noeline hakuwa na nia ya kuuza kadi ile kamwe, hivyo hakuna ambaye angegundua. Sura iliyokuwa pale ilikuwa kweli ni sura ya baba yake, imenakiliwa kutoka kadi halisi mahali fulani. Alikuwa na furaha. Tungemvunja moyo ili iweje? Na nilifikiria jina letu, ndiyo. Nililifikiria sana.

Athol alikaa akizungusha kikombe. "Gwenda," akasema, "yule anaiamini kadi kwa sababu ananiamini mimi. Nikinyamaza, hiyo kadi haina tena baba yake ndani. Ina mimi."

Kesho yake tulikwenda wote wawili. Noeline alitukaribisha chai na keki ya nazi, akatuketisha tukiielekea kadi. Athol hakugusa keki. Alimwambia moja kwa moja kwamba kadi ni bandia, na kwamba kosa si la mtu mwingine: lenzi ilikuwa mfukoni. Kisha akaomba ruhusa, akaishusha fremu, akampa lenzi atazame mwenyewe, na kadi ya bei ndogo ya mwaka uleule iliyo halisi, alinganishe. Noeline alitazama moja, akatazama nyingine. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Nilikataa kununua mpaka uishike wewe," akasema mwishowe. "Wewe, Athol. Watu walinicheka, wakasema nitaikosa."

"Ndiyo."

"Sasa nikupige au nikulilie?"

"Vyovyote, dada. Nimekuja kwa yote."

Hakumpiga. Alituomba tuondoke, na keki akatufungashia, kwa kuwa kwetu hata mwenye hasira haachi mgeni atoke mikono mitupu.

Njia ya kumpata Skene ilikuwepo, kwa ile hati aliyoisaini. Lakini polisi walitaka vitu viwili. Walitaka kadi yenyewe iwe ushahidi, na walitaka maelezo ya aliyeithibitisha, jina lake na sahihi yake, akieleza kwa nini aliipitisha. Athol aliandika yake siku hiyohiyo, kurasa tatu, nikamsahihishia mikato tu. Noeline alichukua wiki mbili. Kutoa kadi kulimaanisha kuitoa sura. Alikuwa ameizoea asubuhi, akitoka kwenda jikoni kwake hospitalini. Siku aliyoipeleka alimpigia Athol simu, mara ya kwanza tangu siku ya keki, akasema maneno machache: "Nimempeleka. Ukuta umebaki na msumari."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata Athol aliomba watu wa ukumbini wasogee. Nilimsihi asifanye hivyo; maelezo kwa polisi yalitosha. Alisimama karibu na jiko la chai na kuwaambia kwamba kadi ya Noeline ilikuwa bandia na yeye ndiye aliyeipitisha, kwamba yeyote aliyenunua kwa Skene akaitazame yake kwa lenzi, na yeyote aliyenunua kitu chochote kwa neno lake peke yake akakitazame vilevile.

"Nilitazama karatasi," alisema. "Wino sikuutazama. Nilikuwa nimefurahi, na mtu aliyefurahi asiachiwe pochi ya mwenzake."

Kisha mzee mmoja wa meza za nyuma, ambaye Athol aliwahi kumkatalia kadi zake tatu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe hata profesa hununuliwa, ni suala la bei. Hapo ndipo porojo ilipozaliwa. Nawaambia saa na mahali. Hakuna aliyemjibu, na huo ndio uchungu wangu na ukumbi ule. Si maneno ya mmoja, ni midomo ya wengine iliyofungwa.

Wanunuzi kumi na mmoja walijitokeza. Skene alihukumiwa bara, akaamriwa kurudisha fedha, na Noeline alizipata zote. Bila hati asingepata kitu, na bila kurasa tatu za Athol wale wengine wasingejua wametapeliwa. Hayo yapo kwenye kumbukumbu za mahakama, anayetaka akasome. Wanaosema alikula fungu hawajawahi kueleza ni mla fungu gani anayejipeleka mwenyewe polisi.

Baada ya hapo Athol hakukaa tena kwenye ile meza. Hakufukuzwa. Mstari ulipungua, akaona vibaya kunywa chai ya bure. Lakini alianza kuitafuta kadi halisi ya Vern Tatlow. Aliandika barua, kwa mkono, kwa kila mtu mzee aliyemfahamu kutoka Smithton hadi Launceston. Kila kadi iliyotajwa aliiendea kwa gari, na mara hizo lenzi ilikuwa inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Nilimwambia inaonekana kama kengele ya ng'ombe. Akasema vizuri, watamsikia akija.

Mwaka wa pili, siku niliyofuatana naye, aliipata Devonport, kwa mama mmoja aliyekuwa akihamia nyumba ya wazee. Ilikuwa imefungiwa ndani ya kopo la biskuti pamoja na vifungo. Athol aliikunja kidogo, akaigonga, akainusa, kisha akakaa na lenzi dakika ishirini mpaka yule mama akamuuliza kama anajisikia vizuri. Vidoti vilikuwepo, vyote. Lakini kadi ilikuwa na tundu la pini juu, kona moja imeliwa na wadudu, na mtoto fulani wa zamani alikuwa amemchorea Vern Tatlow masharubu kwa kalamu ya bluu.

Mkusanyaji asingeigusa. Yule mama alitaka pakiti moja ya majani ya chai tu na kusikia hadithi yake. Athol alimpelekea Noeline, akamwambia atazame mwenyewe kwanza, yeye hatasema neno. Noeline alitazama na lenzi. Halafu akaweka lenzi chini na kutazama kwa macho yake, akaanza kucheka, machozi yakimtoka.

"Mama alikuwa akimkataza baba masharubu," akasema. "Aliniambia. Alimkataza mpaka baba akafa."

"Nimeridhika nayo kwa hilo pia," Athol akasema. "Hakuna tapeli anayeichorea kadi yake masharubu."

Noeline alimkumbatia mlangoni, mbele ya jirani zake. Athol alirudi nyumbani akala chakula cha watu wawili. Alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa nane, kwa moyo. Noeline alipika chakula chote cha mazishi na alinikataza kuingia jikoni kwangu mwenyewe.

Limebaki moja, na ndilo wanalolishika sasa baada ya lile la fungu kuchakaa. Wanauliza Skene aliipata wapi karatasi ya mwaka wa sitini na tatu, kama si kwa Athol. Kiwanda kilipofungwa kila mfanyakazi aliondoka na karatasi ya zamani ya ghalani kama kumbukumbu. Nusu ya watoto wa Hesketh wamejifunza kuchora juu yake, na chini ya vitanda vya mji huu bado ipo. Skene alinunua boksi moja kwa mtu wa hapahapa aliyekuwa anasafisha nyumba ya marehemu. Alimwambia kwamba yeye huchora ndege. Muuzaji alifurahi karatasi ya kiwanda imepata mtu wa kuithamini. Polisi walizungumza naye, wakaona hana kosa, na hana.

Athol alilijua jina. Aliniambia tukiwa kwenye gari njiani kutoka Devonport, akaniomba liishie kwangu, kwa sababu mtu yule hakujua na akijua mji umejua hatatoka tena nje. Mwaka huu wamenijia watu wawili kwa nyakati tofauti, wakaniambia kwa upole kwamba kama haikutoka kwenye banda letu, basi niseme ilitoka kwa nani, na maneno yataisha siku hiyohiyo.

Najua yataisha. Jina la Medwin lingesafishika kwa pumzi moja, na ninakutana na mwenye lile jina jingine kila Jumapili, tunasalimiana.

Sisemi. Asije mtu mwingine kuniuliza.